Mkate Uliokataa Kuumuka

Jumapili, 5 Julai

Nimesimama kanisani leo. Mbele ya watu wote! Sikuwa nimepanga.

Ilikuwa wakati wa matangazo. Mchungaji alisema shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, hataweza tena kuoka mkate wa Meza ya Bwana. Kifundo cha mkono kinamsumbua na daktari amemkataza kukanda. Akauliza nani atampokea. Watu wakaangalia viatu vyao. Basi, akasema, asipopatikana mtu, kuanzia Jumapili ijayo tutanunua wa dukani, ule wa kwenye mfuko wa nailoni, uliokwisha kukatwa vipande.

Nikajikuta nimesimama.

Miaka ishirini na saba mkate ule ulitoka jikoni kwangu. Mke wangu ndiye aliyeuoka. Siku zake za mwisho alinishika mkono, akaniomba mkate usiondoke nyumbani kwetu, nami nikamwahidi. Baada ya mazishi nilijaribu mara moja. Mzee mmoja wa kanisa akapoteza jino la mbele. Mpaka leo anaitwa Mzee Jino, na mkate ukahamia kwa shemeji. Miaka miwili sasa. Ahadi yangu imekaa tu, kama shati lililosahauliwa kwa dobi.

Niliposema nitaoka mimi, mtu alikohoa. Mzee Jino alijifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Shemeji aligeuka akanitazama muda mrefu. Nimeambiwa nipeleke mkate wa majaribio Alhamisi jioni, ofisini kwa Mchungaji, kamati iuonje. Ukikataliwa, ni wa dukani.

Sina wasiwasi. Mimi ni fundi wa vitasa. Mlango wowote naufungua kwa dakika mbili. Sembuse unga!

Jumatatu, 6 Julai

Nimetoa daftari la mke wangu kabatini. Mkate wa Meza uko ukurasa wa tisa, wenye madoa ya mafuta. Mwandiko wake ule ule, umelalia kulia kama mtu anayewahi mahali. Nilikaa nao kidogo kabla ya kusoma. Macho yaliniwasha. Nadhani ni vumbi la kabati.

Maelekezo ni mafupi. Unga wa ngano vikombe vitano. Hamira kijiko kimoja. Chumvi, sukari kidogo, maji ya uvuguvugu. Kanda mpaka mikono ikuambie inatosha. Weka kwenye trei, funika kwa kitambaa. Halafu kuna mstari mmoja kabla ya habari ya oveni: "Sasa nenda ukafanye jambo jingine." Huo nimeuruka. Si kiungo wala si kipimo. Bila shaka alikuwa anajikumbusha kazi za nyumbani, maana alikuwa nazo nyingi, marehemu.

Karakana yangu iko chumba cha mbele. Jiko liko nyuma, peke yake, mlango wake unafungukia uani. Kwa hiyo siku nzima nilikuwa nachonga funguo huku nakimbia. Kila dakika tano nafunua kitambaa. Hakuna kitu. Nikaubonyeza unga kwa kidole, kuuhimiza. Nikabonyeza tena. Nikamwomba Mungu anipe subira, na kama inawezekana anipe kabla ya saa kumi, kwa kuwa mwenye saluni alikuwa anakuja kuchukua ufunguo wake.

Saa tisa nikaona tumengoja vya kutosha. Nikauingiza ovenini. Huko nako nilifungua mlango mara kumi na nne kuangalia.

Matokeo: tofali. Binti yangu, ambaye anafanya kazi chumba cha kufulia nguo hospitalini, aliporudi jioni aliligonga kwa kijiko, kisha akaniuliza, Baba, hili ni la kuzuia mlango? Nimelitumia kuzuia mlango. Linafaa sana.

Mwenye saluni amerudisha ufunguo. Anadai meno ya ufunguo yamejaa unga uliokauka. Watu wengine hawana shukrani.

Jumanne, 7 Julai

Nimegundua tatizo! Baridi. Unga ulikuwa unasikia baridi, maskini. Na hamira haikutosha. Mke wangu alikuwa anabana matumizi.

Mpango mpya: hamira vijiko vitatu. Beseni la unga kitandani kwangu. Blanketi mbili juu, chupa za maji moto kulia na kushoto. Mimi mwenyewe nikajilaza kando, kuulinda. Usingizi ukanipitia.

Niliamshwa na hodi. Mchungaji! Amekuja kunitia moyo, mtu wa watu. Nikainuka. Beseni lilikuwa limefurika, unga umepanda juu ya mto wa kulalia, umenishika kidevu na sikio. Chumba chote kilinuka kama kilabu cha pombe. Mchungaji alisimama mlangoni akavuta pumzi mara mbili. Nikamwambia haraka kwamba si mimi ninayenuka, ni yule aliye kitandani. Hapo nadhani nilizidi kuharibu.

Aliniombea dakika kumi, kwa upole mkubwa, kuhusu upweke wa wagane na majaribu ya chupa. Nikaitikia amina. Sikujua nianzie wapi kukanusha.

Mkate wa leo una mashimo ya kupitisha panya, uchungu, na nyuzi za blanketi. Binti ameomba tusile.

Sikati tamaa. Ibrahimu alingoja mtoto miaka ishirini na mitano. Lakini Ibrahimu hakuwa na kamati Alhamisi.

Jumatano, 8 Julai

Napelelezwa!

Nilikuwa nimefunua kitambaa kwa mara ya tisa, nageuka, namwona shemeji dirishani. Amesimama tu, mkono umefungwa bendeji, anatikisa kichwa. Akaniambia nisiuguse. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu haujaniita. Ni maneno gani hayo? Mkate unaita? Mwanamke huyu hataki nifanikiwe. Anataka isemwe kwamba baada yake hakuna mwingine. Nani asiyejua kwamba kitu kisiposhughulikiwa hakiendi?

Nikachukua hatua. Nimefunga kitasa kipya kwenye mlango wa jikoni, kazi ya mikono yangu mwenyewe, niliyoitunga kwa miezi minne. Ukiuvuta mlango tu, kinajifunga chenyewe. Hakifunguki kwa waya, wala bisibisi, wala kwa fundi yeyote aliye hai, nikiwemo mimi. Funguo ni mbili. Mmoja nimeutundika kwenye msumari, ndani ya jiko, mahali salama. Mwingine nimempa binti.

Binti aliuliza kama ni busara kutundika ufunguo ndani. Nikamwambia mimi ndiye fundi.

Mkate: tofali la pili. Sasa milango miwili ya nyumba hii haipigwi na upepo.

Alhamisi, 9 Julai

Siku ya kamati. Asubuhi niliamka na roho juu. Nikaomba kwa magoti. Nikakanda kwa imani. Nikafunua kitambaa mara sita tu, maendeleo makubwa. Ovenini nikachungulia mara nane. Mara ya nane bawaba ya mlango wa oveni ikakatika ikabaki mkononi mwangu, nikamalizia kuoka nikiwa nimeuzuia mlango kwa goti. Suruali imeungua.

Mkate ukatoka bapa. Bapa kama sahani. Nikapata wazo jipya, zuri kuliko yote ya wiki hii.

Ofisini kulikuwa na watatu: Mchungaji, Mzee Jino na shemeji. Nikauweka mezani na kabla hawajasema nikaanza kuhubiri. Nikawakumbusha wana wa Israeli, walivyotoka Misri haraka haraka, unga haujaumuka. Nikasema huu ndio mkate wenye Maandiko ndani yake. Nikasema hamira ni anasa. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, halafu akajaribu kuumega. Akajaribu kwa mikono miwili. Akausimamisha ukingoni mwa meza akaulemea. Meza ikalia. Akasema wana wa Israeli walikuwa na miaka arobaini ya kuutafuna, sisi ibada inaisha saa tano.

Mzee Jino alikataa hata kuunusa. Akasema suala liishe, Mchungaji aagize wa dukani kesho yake.

Hapo shemeji akafungua mdomo. Nilijua ananimaliza. Lakini akasema waningoje mpaka Jumamosi jioni. Akasema dada yake naye mkate wake wa kwanza waliwapa kuku, na kuku wakaenda kwa jirani. Sikuwahi kuisikia hiyo! Mchungaji akakubali. Jumamosi saa kumi na mbili jioni, au mfuko wa nailoni.

Kwa nini amenitetea? Ana njama. Nitaichunguza.

Ijumaa, 10 Julai

Leo sikuoka. Sikuweza.

Nilichonga ufunguo mmoja, nikakosea. Mchana niliingia jikoni nikakaa kwenye kigoda cha mke wangu. Aproni yake bado iko nyuma ya mlango. Nimemkumbuka sana leo. Si kwa ajili ya mkate. Nimekumbuka alivyokuwa anaimba huku anaosha vyombo, akisahau maneno ya ubeti wa pili kila mara, anajaza ya kwake.

Nilimwambia Mungu ukweli. Nikasema nimechoka, mimi ni mzee wa miaka sitini na mmoja mwenye suruali iliyoungua goti, na ahadi niliyotoa ni moja tu. Sikuomba subira. Niliomba anisaidie, basi.

Binti aliporudi alinikuta hapo. Alichemsha chai, akakaa karibu nami, akaniambia kesho nijaribu tena, yeye atatoka zamu saa nane na atakuja moja kwa moja.

Nitajaribu tena.

Jumamosi, 11 Julai

Siku gani hii!

Saa tatu asubuhi nilibeba mfuko wangu wote wa vifaa jikoni, nikatengeneza bawaba ya oveni. Saa tano nikakanda. Mikono iliniambia inatosha, au labda ilichoka. Nikaweka kwenye trei, nikafunika. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, tayari kwa ukaguzi wa kwanza.

Shemeji akaita uani. Nikatoka, dakika moja tu, nimwambie nina kazi. Alikuwa amesimama karibu na mlango. Akasema nzi wengi leo, wataingia kwenye unga, na kwa mkono wake mzima akauvuta mlango.

Ta!

Kitasa changu. Kinajifunga chenyewe.

Ufunguo ndani, kwenye msumari. Vifaa ndani. Simu ndani. Unga ndani! Nilikimbilia dirishani: nondo, nilizozichomelea mwenyewe. Nikauona pale mezani chini ya kitambaa, umbali wa mikono miwili, na sina namna ya kuugusa. Nikakimbia kwa fundi baiskeli nikaazima bisibisi na waya. Nilihangaika nusu saa. Hakikutikisika hata kidogo. Nakiri kuna mahali fulani moyoni nilijisikia fahari.

Shemeji alinipa simu yake nikampigia binti. Binti akasema hawezi kuacha zamu, nguo za wodi nzima ziko majini, nisubiri mpaka saa nane. Muda wa saa mbili nzima! Nikamwambia shemeji ameniua. Akasema pole. Akaenda kuleta vigoda viwili kutoka kwake, nyumba ya pili, akaniwekea kimoja chini ya dirisha. Hakuonekana mtu mwenye majuto.

Nifanye nini? Niliimba. Nilishika nondo nikaimba kupitia dirishani, nyimbo zote ninazozijua za kitabuni, niutie moyo unga kwa mbali. Shemeji akaingia na sauti ya pili. Tulipofika ubeti wa pili wa ule wimbo mke wangu aliokuwa akiuimba akiosha vyombo nikasahau maneno, naye akajaza yale ya dada yake. Tukacheka mpaka akajishika mkono unaouma.

Saa nane na dakika kumi binti akafika mbio, akafungua. Nikafunua kitambaa.

Umeumuka! Umejaa trei, umepanda juu, mviringo, laini, kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Sikuugusa. Niliogopa. Niliuingiza ovenini kwa mikono miwili, nikafunga, nikanyoosha mkono kufungua niangalie.

Shemeji akanishika kiwiko. Akasema kuna jambo limemkera miaka mingi. Dada yake na mimi tulikutanaje hasa? Yeye alikuwa mdogo, alisikia nusu nusu. Akanivuta mpaka uani.

Basi nikamsimulia. Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi, nina kiburi cha watu watatu. Niliitwa shule moja, mwalimu wa ushonaji amefungiwa stoo, kitasa kimekwama. Nikajigamba nitamtoa kwa dakika mbili. Kwa haraka zangu nikavunjia kifaa ndani ya tundu la ufunguo. Ikanichukua mchana kutwa. Na mchana kutwa tuliongea, yeye ndani, mimi nje, mashavu yetu kwenye mbao ile ile. Alinisimulia habari za mama yake, na za mdogo wake mmoja mkorofi. Mlango ulipofunguka nilikuwa nimekwisha kumpenda, uso nikauona baadaye. Alitoka akaniambia kazi yangu ni mbovu lakini mazungumzo yangu ni mazuri.

Shemeji alikuwa analia na kucheka. Mimi pia. Binti, amesimama mlangoni, akasema hajawahi kusimuliwa hiyo. Nikashangaa, hivi sikuwahi kumwambia?

Ghafla harufu. Nikaruka. Mkate wangu! Nilikuwa nimeusahau kabisa. Huyu mwanamke alitaka uungue!

Haukuungua. Ulikuwa na rangi ya dhahabu. Niliugonga chini kwa kidole, kama alivyokuwa anaugonga mke wangu, ukalia kama ngoma. Binti aliushika kwa kitambaa akanusa, akasema, Baba, mkate huu unanukia kama Mama.

Saa kumi na mbili kamili kamati ilionja kipande cha pembeni. Mchungaji alifumba macho. Mzee Jino alitafuna upande wa kushoto kwanza, kwa tahadhari, kisha upande wa kulia, kisha akaomba kingine.

Jumapili, 12 Julai

Mchungaji aliuinua, akaumega, na ukamegeka kwa mikono yake bila kelele. Nilikaa mstari wa tatu, mahali tulipokuwa tunakaa. Kipande changu kiliponifikia nilikishika muda kidogo. Nilimshukuru Mungu kwa kutonichoka. Nikamwambia mke wangu kimoyomoyo kwamba mkate umerudi nyumbani.

Nililia, sioni haya kuandika. Shemeji alinipa leso kwa mkono wake mzima.

Baada ya ibada Mchungaji alitangaza kwamba nitaendelea kila mwezi. Watu walipiga makofi. Mzee Jino alikuwa wa kwanza kunipa mkono, akatabasamu wazi wazi, na pengo lake likaonekana vizuri sana.

Nimemsamehe shemeji kwa kunifungia mlango. Najua alitaka nishindwe. Nimemwambia nimemsamehe. Akanishukuru, akakohoa ndani ya kitambaa cha kichwa muda mrefu.

Jumatatu, 13 Julai

Nimekaa jikoni, naandika huku nikitafakari siri ya ushindi wangu. Nimepima kila kitu kwa akili ya kifundi. Unga ni ule ule, hamira ni ile ile, maji ni yale yale. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti Jumamosi.

Sauti yangu! Niliuimbia kwa saa mbili mfululizo. Unga unapenda kuimbiwa. Na kama unga unaumuka kwa sauti hii, binadamu je? Asubuhi nimekwenda kwa kiongozi wa kwaya nikaomba nafasi ya kuimba peke yangu. Alinisikiliza mistari miwili, akasema nifanye majaribio kwa miezi mitatu, nikiimba mstari wa nyuma kabisa. Miezi mitatu! Nimemwambia wiki mbili zinatosha.

Hata ule mstari wa daftari nimeuelewa leo. "Sasa nenda ukafanye jambo jingine." Aliliona mapema, mke wangu. Jambo jingine ni kwaya.

Nimekanda mkate wa mazoezi, uko hapa mezani mbele yangu. Nimeuimbia nyimbo nne. Nimefunua kitambaa mara saba. Bado. Nimeubonyeza kidogo. Labda niongeze sauti.

Shemeji amekuja tena. Amesimama mlangoni na kigoda chake. Ananiita uani nimsimulie upya habari ya stoo, anasema kuna mahali hakusikia vizuri. Halafu anasema nzi wamekuwa wengi. Sina muda wa maneno, lakini ni shemeji yangu, nitakwenda dakika moja tu. Ufunguo uko mahali pake, kwenye msumari.